Maji ndani ya gari: Nani alipe mirija ya paa ikiziba?

MVUA ya Kericho na Bomet haingoji msimu. Katika nyanda za chai zinazopakana na Msitu wa Mau, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hunyesha takriban kila mwezi, aghalabu alasiri, na katika baadhi ya mashamba hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Mchai huipenda mvua hiyo. Gari la kifahari lenye dirisha la paa haliipendi hata kidogo.

Mzozo huanza hivi. Mwenye gari hufungua mlango asubuhi na kukuta zulia limelowa mbele ya kiti cha dereva, kitambaa cha dari kina doa la rangi ya chai pembeni, na taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi bila sababu inayoeleweka. Hulipeleka gari Nairobi kwa wakala wa kampuni iliyoliunda, safari ya zaidi ya kilomita 200, akipitia Nakuru iwapo atoka Kericho, au Narok na Mai Mahiu iwapo atoka Bomet.

Siku chache baadaye hukabidhiwa ankara ambayo huenda ikameza bonasi ya mwaka mzima ya majani chai. Maelezo yake huwa mafupi: mirija ya dirisha la paa iliziba, hilo ni suala la matunzo, waranti haihusiki.

Je, ni lazima alipe? Jibu limo katika kuichambua ankara yenyewe, kwa sababu ankara ya aina hii huwa na madeni mawili yaliyofungwa katika furushi moja. Deni la kwanza ni gharama ya kuzibua mirija, kazi ndogo ambayo fundi stadi huimaliza kwa muda mfupi. Deni la pili ni gharama ya madhara yaliyoletwa na maji: dari, zulia, nyaya na vifaa vya elektroniki. Anayewajibikia deni la kwanza si lazima awe ndiye wa kulipa la pili, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao, maana hulipa yote au hukataa yote.

Wengi hudhani kwamba maji huzuiwa na ule mpira unaolizunguka dirisha la paa. Sivyo. Mpira hupunguza tu maji. Hauyazuii kabisa, na waundaji wa magari hulijua hilo. Chini ya kioo pana fremu yenye mfereji mwembamba unaopokea maji yanayopenya. Katika magari mengi, kila pembe ya mfereji huo huwa na tundu lililounganishwa na mrija. Mirija miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo zilizo kando ya kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za milango au nyuma ya matao ya magurudumu. Ile ya nyuma hushuka kuelekea kwenye bampa.

Kwa hiyo gari lenye afya huingiza maji na kuyatoa kimyakimya. Mrija ukiziba, mfereji hujaa na kufurika, maji hutambaa juu ya dari, huteremka kwenye nguzo na kutuama chini ya zulia. Bahati mbaya ni kwamba waundaji wa magari ya bei ghali hupenda kuweka vidhibiti vya umeme chini ya viti na chini ya zulia hilohilo. Uchafu wa kijiko kimoja waweza kuharibu kifaa ambacho bei yake ingenunua ng'ombe kadhaa wa maziwa.

Katika maeneo ya chai, uchafu huo haukosekani. Makampuni ya chai hupanda mikaratusi kwa wingi ili kupata kuni za viwandani, na miti hiyo hupukutisha majani, maganda na mbegu ndogondogo mwaka mzima. Juu ya hayo kuna mvua ya mawe. Eneo la Kericho hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani, na mawe hayo huyachana majani ya miti na kuyamwaga juu ya magari. Ongeza vumbi jekundu la barabara za ndani zisizo na lami, ambalo likilowa huwa udongo wa mfinyanzi, na mrija wenye upana wa kalamu hauna pa kupumulia.

Ni hoja ambayo mawakala huishika upesi. Vijitabu vingi vya waranti hueleza kwamba kampuni hurekebisha kasoro za malighafi na za uundaji, bali si madhara ya mazingira wala ya kukosa matunzo. Jani la mkaratusi, watasema, halikutoka kiwandani.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimalizi shauri. Swali linalofuata ni hili: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuitunza mirija, na je, aliambiwa? Mwenye gari anapaswa kutoa vijitabu viwili kwenye kisanduku cha dashibodi, kile cha maelekezo na kile cha huduma za kawaida, avisome kabla ya kupiga simu yoyote. Katika baadhi ya magari, ukaguzi wa dirisha la paa na mirija yake ni sehemu ya huduma ya kawaida. Ikiwa ndivyo, na ikiwa gari limekuwa likihudumiwa na wakala yuleyule kwa wakati, basi mirija iliyoziba ni ushahidi kwamba kazi iliyokwisha kulipiwa haikufanywa ipasavyo. Hapo mambo hugeuka, na ni wakala anayepaswa kujieleza.

Ikiwa vijitabu havitaji mirija kabisa, mwenye gari ana hoja nyingine: hawezi kulaumiwa kwa kupuuza kazi ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ipo.

Hoja hii ya pili ilikwisha kufika mahakamani nchini Marekani. Katika kesi inayojulikana kama Dewey dhidi ya Volkswagen, wenye magari ya Volkswagen na Audi walidai kwamba mirija ya madirisha ya paa iliundwa kwa namna ambayo iliziba kwa urahisi kwa majani na uchafu wa mimea, na kwamba hawakupewa maelekezo ya kutosha kuhusu kuisafisha. Pande mbili zilifikia mapatano yaliyojumuisha hazina ya dola milioni 8 za kuwarejeshea fedha waliokwisha kulipia matengenezo, pamoja na ushauri wa matunzo kwa wateja.

Mwaka wa 2012 mahakama ya rufaa iliyabatilisha mapatano hayo. Haikusema kwamba madai hayakuwa na msingi. Ilichokataa ni jinsi kundi moja la wateja lilivyotangulizwa kwenye hazina huku jingine likisubiri masalio, ilhali yote yaliwakilishwa na watu walewale. Kesi hiyo haiifungi mahakama yoyote ya Kenya. Hata hivyo, yaonyesha kwamba dai la mirija si ndoto ya mteja mkaidi.

Hapa nchini, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaokubalika, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 huenda mbali zaidi, kwani ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari. Fundi anatakiwa kumpa mteja makadirio ya gharama kabla ya kumtoza kwa kazi, na ankara haipaswi kupita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Mathalani, aliyeambiwa Sh20,000 hawezi kugeuziwa Sh60,000 wakati wa kuchukua ufunguo. Kikomo ni Sh22,000, isipokuwa ameidhinisha kazi ya ziada. Fundi anatakiwa pia kumrudishia mteja vipuri vilivyotolewa iwapo anavitaka.

Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo yakataza kumtwisha mteja ada ambazo hakuarifiwa kabla ya huduma. Mara nyingi ada hiyo ya kushtukiza huwa ile ya "uchunguzi", inayohesabiwa kwa saa. Uchunguzi wenyewe si ulaghai: maji huweza pia kuingia kupitia kioo cha mbele kilichobandikwa vibaya au mlangoni, na ni lazima chanzo kitafutwe. Kinacholetewa shaka ni saa nyingi zisizo na maelezo. Mteja aombe picha za mrija ulioziba, aombe maji yamiminwe mbele yake kabla na baada ya kazi, na aulize kwa nini kila kifaa kilichobadilishwa hakikuweza kukaushwa na kupimwa kwanza.

Mtego mkubwa huwa kwenye karatasi inayotiwa saini gari linapopokewa. Aliyetia saini idhini isiyo na kiwango, au aliyesema kwa simu "tengenezeni tu", amejipokonya silaha yake bora. Ni vyema kuandika kwa mkono juu ya karatasi hiyo kwamba kazi yoyote inayozidi kiasi fulani isifanywe bila idhini ya maandishi.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hulitambua wakiwa wamechelewa. Kwa mujibu wa kanuni ya sheria tuliyorithi kutoka Uingereza, fundi aliyefanya kazi iliyoidhinishwa ana haki ya kulizuia gari hadi alipwe. Kwa mkazi wa Litein au Sotik anayelihitaji gari kesho, kubishana kaunta huku gari limefungiwa ndani hakumfikishi mbali. Njia ya busara ni kulipa chini ya pingamizi. Aandike hivyo kwenye nakala ya ankara na katika barua au baruapepe ya siku hiyohiyo, ataje vipengele anavyovipinga na sababu zake, na ahifadhi risiti ya benki au ujumbe wa M-Pesa. Malipo ya namna hiyo hayahesabiwi kuwa kukubali deni.

Baada ya hapo barua iende kwa meneja wa huduma, kisha kwa kampuni iliyoliunda gari. Mara nyingi kampuni hukubali kubeba sehemu ya gharama za madhara hata pale waranti inapokuwa imekwisha, hasa mteja akiwa na kumbukumbu kamili za huduma. Wakikataa, malalamiko yaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK. Kwa anayetaka kurejeshewa fedha, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021 na kusambazwa baadaye, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mlalamishi huweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria hutaka shauri likamilike katika siku 60.

Ripoti ya mkaguzi asiye na uhusiano na wakala huwa na uzito mkubwa mbele ya mahakama, ila mkaguzi alione gari kabla halijafunguliwa. Akiliona baada ya zulia kukauka na mirija kuzibuliwa, atakuwa akisimulia aliyoambiwa na wengine.

Si kila mteja ana kesi. Aliyeliegesha gari chini ya mikaratusi kwa miaka mitatu bila huduma yoyote, ilhali kijitabu kilimwelekeza, atalipa. Aliyempa fundi wa kando ya barabara apulize mirija kwa hewa ya shinikizo kubwa naye yumo hatarini, kwani hewa hiyo huweza kuung'oa mrija kwenye kiungo chake, na tangu hapo maji yote humwagika ndani ya nguzo. Hapo wakala ana haki, na kumpigia kelele ni kupoteza muda.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani wako katika hali tofauti. Kenya huruhusu magari yasiyozidi miaka minane, na gari la umri huo aghalabu huwa limemaliza waranti ya kiwanda. Anayebanwa ni aliyeliuza, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, si wakala ambaye hakuliingiza nchini. Kwa bahati nzuri kasoro hii hupimika palepale kwenye yadi. Fungua dirisha la paa, mimina kikombe cha maji polepole kwenye pembe moja ya mfereji, kisha chungulia chini ya gari. Maji yasipodondoka ndani ya muda mfupi, rudia pembe ya pili, ya tatu na ya nne, na muuzaji awe amesimama papo hapo akitazama.