Sauti Inapotelea Wapi? Maongezi ya Second Life kwenye Linux

Ndani ya Second Life, mtu aliyewasha maongezi ya sauti huonekana na nukta nyeupe juu ya kichwa cha avata yake. Akisema, nukta hutoa mawimbi ya kijani. Mtumiaji wa Linux ambaye nukta yake haitokei kabisa ana tatizo tofauti na yule ambaye nukta ipo ila mawimbi hayachezi. Na wote wawili hawafanani na yule ambaye mawimbi yake yanacheza vizuri, anaongea mpaka koo linakauka, na hakuna anayemjibu. Naanzia hapo kwa sababu ushauri mwingi wanaopewa watu hawa hukimbilia kadi ya sauti, na kadi ya sauti, kwa sehemu kubwa, haina kosa.

Second Life ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Kwa miaka kadhaa wakazi wake waliongea kwa maandishi tu, na maandishi hayo humfikia aliye ndani ya mita 20. Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili ambayo bado yanawasumbua watu wa Linux. Mwezi Januari, Linden Lab iliachia msimbo chanzo wa programu ya kuingilia, ile unayoiweka kwenye kompyuta yako ili uuone ulimwengu huo, ikawa programu huria. Mwaka huohuo ikaleta sauti. Lakini sauti haikutengenezwa na Linden Lab; ilikodishwa kutoka kampuni ya Vivox, na Vivox hawakuachia msimbo wao. Kwa hiyo ndani ya kifurushi kilicho wazi, ambacho fundi yeyote angeweza kukifumua na kukiunda upya, kulikuwa na kitu kimoja kilichofungwa, nacho ni faili liitwalo SLVoice.

SLVoice ni programu inayojitegemea. Unapoingia, programu ya kuingilia huiamsha pembeni, kisha mbili hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe ndani ya kompyuta kupitia anwani 127.0.0.1, kana kwamba ziko kwenye mtandao. Programu ya kuingilia huiambia: mwenye akaunti hii yuko mahali hapa, kamera yake inatazama huku. SLVoice ndiyo inayoshika kipaza sauti, inakwenda hadi seva za Vivox, inarudi na sauti za wengine, na kuzipanga ili aliye kushoto kwako asikike kushoto na aliye mbali asikike kwa mbali. Ndiyo maana unaweza kutembea, kuruka, kununua viatu na kuandika salamu bila shida yoyote huku sauti ikiwa imekufa. Njia ya maandishi na njia ya sauti hazikutani popote isipokuwa kwenye skrini yako.

Sasa, SLVoice ya Linux ilikuwa ya biti 32. Mwaka 2007 hilo halikuwa ajabu. Miaka ikapita, kompyuta zikahamia biti 64, programu za kuingilia zikaundwa upya kwa biti 64, na SLVoice ikabaki ilivyo, kwa kuwa nje ya Vivox hakuna aliyekuwa na msimbo wa kuiunda upya. Distro nyingi, yaani matoleo mbalimbali ya Linux, ziliacha kuweka maktaba za biti 32 isipokuwa uziombe mwenyewe. Mwezi Juni 2019 Canonical, wenye Ubuntu, walitangaza kuziondoa kabisa, wakarudi nyuma siku chache baadaye pale Valve, wenye duka la michezo ya kompyuta la Steam, waliposema Steam haitaunga mkono Ubuntu ya namna hiyo. Maktaba kadhaa ziliokolewa kwa ajili ya michezo na Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. SLVoice ilinufaika kwa bahati tu, na si kwa maktaba zote inazozihitaji.

Hapa ndipo penye kosa linalowachanganya hata watu wazoefu. Ukiiendesha SLVoice kwa mkono kwenye kompyuta isiyo na maktaba za biti 32, Linux mara nyingi hujibu kwamba faili hilo halipo. Unatazama ndani ya folda, faili lipo. Unaendesha tena, unaambiwa halipo. Kinachokosekana ni kipakiaji cha biti 32, /lib/ld-linux.so.2, ambacho SLVoice inakihitaji kabla ya kufanya lolote, ila ujumbe wa mfumo hautaji jina lake. Binafsi naona huu ni miongoni mwa ujumbe mbovu kabisa katika Linux yote, na uliachwa hivyo kwa miongo.

Tiba yake ni kuanza na amri mbili. Ya kwanza, file SLVoice, itakuambia kama ni ya biti 32. Ya pili, ldd SLVoice, ukishasakinisha kipakiaji hicho cha biti 32, itaorodhesha maktaba zote inazozitaka, na mbele ya kila inayokosekana itaandika not found. Katika Debian na jamaa zake unaruhusu usanifu wa pili kwa dpkg --add-architecture i386, kisha unasakinisha zilizokosekana moja baada ya nyingine, kila jina likifuatiwa na :i386. Usisahau libasound2-plugins:i386. Bila hiyo, SLVoice inaweza kuwaka vizuri kabisa na bado isiione seva ya sauti ya kompyuta yako. Kigumu zaidi huwa libidn.so.11, kwa sababu distro za karibuni zimehamia namba 12. Wapo wanaotengeneza kiungo cha jina ili namba 12 ijifanye 11. Wakati mwingine inakubali, lakini siipendi njia hiyo: ikikataa, inakataa katikati ya maongezi na bila maelezo.

Njia iliyokuja kuzoeleka inachekesha ukiitazama kwa mbali. Vivox waliendelea kuitunza SLVoice ya Windows wakati ile ya Linux imetelekezwa. Basi watengenezaji wa Firestorm, programu ya kuingilia inayopendwa sana na wakazi wa muda mrefu, wakaweka uwezo wa kuamsha SLVoice.exe ya Windows kupitia Wine. Programu ya kuingilia inabaki ya Linux, sauti inakuwa ya Windows. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ile niliyoitaja: pande mbili hizo huzungumza kupitia 127.0.0.1, na Wine hutumia mtandao uleule wa kompyuta, kwa hiyo hakuna upande unaojua kwamba mwenzake ni mgeni. Anayetaka njia hii asakinishe Wine kutoka kwenye distro yake, aendeshe winecfg mara moja ili Wine ijiandalie folda zake, na akiwa humo afungue ukurasa wa sauti achague kipaza sauti anachokitumia. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka. Wanarudi kuhangaika na mipangilio ya Second Life, kumbe Wine inasikiliza kipaza sauti cha kamera iliyofunikwa.

Mwaka 2024 Linden Lab ilianza kuondoka kwa Vivox, ambayo kufikia hapo ilikuwa mali ya Unity tangu 2019, na kuhamia WebRTC. Hii ni teknolojia ambayo Google iliiachia kama programu huria mwaka 2011 na ambayo leo imo ndani ya vivinjari vyote vikubwa. Ukiwa kwenye mkutano wa Google Meet, unaitumia. Kwa mtu wa Linux, ubora wa sauti si habari kubwa, ingawa kodeki yake ya Opus ni nzuri kwelikweli. Habari kubwa ni kwamba hakuna tena faili la pembeni lililofungwa. Sauti inakuwa maktaba ndani ya programu ya kuingilia yenyewe, na anayeweza kuiunda programu hiyo kwa Linux anaweza kuiunda na sauti yake. Wine haihitajiki, wala biti 32.

WebRTC inatupa pia kipimo cha bure. Kama kivinjari chako kinapiga simu za sauti bila tatizo, basi kipaza sauti, kiendeshi na seva ya sauti viko salama, na hutakiwi kuvigusa. Kama kivinjari nacho ni bubu, tatizo liko chini zaidi.

Huko chini pana mambo machache tu. Linux hushika vifaa vya sauti kupitia ALSA, iliyo ndani ya kerneli, na juu yake hukaa seva ya kugawa sauti kati ya programu mbalimbali: zamani PulseAudio, siku hizi PipeWire, ambayo Fedora iliifanya chaguo la kawaida mwaka 2021 na Ubuntu mwaka 2022. Jaribu arecord -f cd -d 5 jaribio.wav, useme neno, kisha aplay jaribio.wav. Ukijisikia, endelea juu. Usipojisikia, fungua pavucontrol utazame kama kipaza sauti kimezimwa au kama kompyuta imechagua kingine.

Hedifoni za Bluetooth zina maudhi yao, na hayo si kosa la Linux pekee. Hali inayotoa muziki mtamu, A2DP, kwa kawaida haina nafasi ya kipaza sauti. Ukiwasha maongezi, hedifoni hulazimika kuhamia hali ya simu, na hapo kila kitu, hata muziki wa ukumbini, husikika kama redio ya mbao. PipeWire mara nyingi huhama yenyewe. Isipohama, unabaki na sauti nzuri masikioni na kipaza sauti kisichoonekana popote. Hedifoni ya waya ya bei rahisi hushinda ya Bluetooth ya bei ghali katika kazi hii.

Na yule ambaye mawimbi yake yanacheza lakini hajibiwi? Kwanza atazame aina ya sauti ya eneo alilosimama. Eneo lililokwisha kuingia WebRTC halisikilizani na programu ya kuingilia ya zamani inayoijua Vivox peke yake. Pili atazame kiwanja. Mwenye ardhi anaweza kuzima sauti, au kuifungia ndani ya mipaka ya kiwanja chake, na hapo mtu aliye hatua mbili ng'ambo ya mpaka hasikii chochote. Asogee hatua hizo mbili kabla hajafungua dirisha la amri.