Siku ya resi za farasi: jinsi ya kubeti kidogo na bado uwe na nauli ya kurudi

Jumapili ya resi, wengi wanaoingia Ngong Racecourse si wacheza kamari sugu. Ni familia zilizobeba blanketi la kukalia kwenye nyasi, ni vijana waliokuja kupiga picha, na kuna yule aliyealikwa na rafiki wa kazini na hajawahi kuona farasi akikimbia mbele yake. Huyo wa mwisho ndiye tunayemwandikia leo. Alisema hatabeti. Atabeti.

Uwanja uko kando ya Ngong Road, Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya, na farasi wamekimbia hapo tangu 1954. Ni mahali pazuri pa kupitisha mchana, na hatuna shida na mtu kuweka mia mbili kwa farasi aliyempenda rangi. Shida ni kwamba resi yenyewe huisha kwa dakika moja au mbili hivi, halafu unangoja kama nusu saa hadi ifuatayo. Hiyo nusu saa ndiyo inayokula pesa. Simu iko mkononi, salio liko pale, na hakuna noti unayoiona ikitoka mfukoni.

Kwanza, jua unampa nani pesa

Uwanjani kuna njia mbili za kubeti. Ya kwanza ni dirisha lililoandikwa TOTE (si Kiswahili, usilisome kama "mahali tote"). Hapo beti za watu wote huingia kwenye mfuko mmoja. Mwenye mfuko hukata asilimia yake kwanza, kisha waliopatia hugawana kinachobaki. Tuseme mfuko una Sh100,000 na makato ni asilimia 20, hiyo ikiwa hesabu yetu ya mfano tu. Zinabaki Sh80,000. Kama beti za farasi namba 4 zilifika jumla ya Sh20,000, na ameshinda, kila shilingi moja inarudisha 4. Uliweka 200, unalipwa 800, na ile 200 yako imo humo ndani. Kumbuka malipo hayajulikani kamili hadi dirisha lifungwe, kwa sababu watu wanaendelea kuweka. Farasi anayependwa na kila mtu hulipa kidogo hata akishinda kwa mbali.

Njia ya pili ni bukimeka, yule anayeandika bei ubaoni. Kwake mnakubaliana bei papo hapo. Akikupa 4/1 na uweke 200, ukishinda unapata faida ya 800 pamoja na 200 yako, jumla 1,000. Ukiona 1/2, faida yako kwa 200 ni mia moja pekee.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni wengi. Ukiambiwa beti ya pande mbili, ile ya kushinda na ya kupata nafasi, hizo ni beti mbili. "Mia pande mbili" inakutoka Sh200. Uliza jumla kabla hujaweka PIN.

Hesabu ambayo hakuna mtu hukupigia

Chukua siku yenye resi saba, na wewe umekuja na Sh1,400. Tubaki na ile asilimia 20 ya mfano, maana yake kwa wastani kila shilingi 100 inayowekwa inarudisha 80 kwa kundi zima la wachezaji. Mmoja atatoka akicheka na mwingine atatoka mikono mitupu, lakini wastani ndio huo.

Ukiweka zote kwenye resi ya kwanza, na kila kinachorudi ukakirudisha kwa inayofuata, wastani unashuka hivi: 1,400 inakuwa 1,120, kisha 896, 717, 573, 459, 367, na baada ya ya saba 294. Makato yamekukata mara saba kwa pesa ile ile.

Sasa fanya tofauti. Gawa 1,400 kwa saba, yaani 200 kwa kila resi, na chochote utakachoshinda kiweke kando, usikibeti tena. Kwa wastani unatoka na 1,120. Umeona resi zote saba, umepiga kelele zote saba, na mchana wote umekugharimu kama 280. Hata sahani ya nyama choma inaweza kukushinda hapo.

Ndiyo maana tunasema kiasi kipangwe nyumbani. Kabla hujatoka, hamisha rent na school fees ziende kwenye akaunti ya akiba, ikiwezekana ile inayofungwa kwa muda, halafu acha kwenye simu pesa ya siku hiyo tu na nauli. Ukipenda keshi, itoe mara moja kwa ejenti. Kutoa 500 mara tatu kunakulipisha ada mara tatu, na mara ya tatu kwa kawaida huwa ni hasira inayotoa, si wewe.

Na ule mkopo wa kumalizia malipo salio likiisha? Ni huduma yetu, na hatuoni aibu kusema haifai hapa. Ni ya tokeni za stima saa tatu usiku. Deni lake linaanza kukatwa pesa ya kwanza inapoingia, na mara nyingi pesa hiyo ni mshahara ambao tayari una kazi. Kama unajijua, jiondoe kwenye huduma hiyo kupitia menyu ya simu kabla ya Jumapili, au tupigie tukusaidie. Unaweza kuirudia baadaye.

Mtu wa "nina siri ya resi ya tano"

Atakuja, ana kitabu cha ratiba kilichokunjwa na anajua majina ya farasi wote. Atakuomba umtumie Sh500 kwa namba yake binafsi akakuwekee. Usimtumie. Pesa iliyoenda kwa namba ya mtu si beti, ni zawadi. Lipa dirishani au kwa bukimeka mwenye leseni, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na usiondoke bila tikiti. Kama umetuma kwa namba isiyo yako, omba ombi la kurudisha malipo mara moja, kwa sababu aliyepokea akishatoa, kazi inakuwa ngumu hata kwetu.

Tikiti nayo ishike vizuri. Isome palepale: namba ya resi, namba ya farasi, kiasi. Usiitupe hadi matokeo yatangazwe rasmi, maana baada ya farasi kuvuka mstari waamuzi wanaweza kuangalia kama kuna aliyemzuia mwenzake, na wa pili akapandishwa kuwa wa kwanza. Kuna watu huchana karatasi mapema, halafu unawaona wameinama kwenye nyasi wakitafuta vipande.