Saudi Arabia: Mionzi ipungue, picha isififie

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudi Arabia, yenye makao yake mjini Riyadh, imeweka viwango vya taifa vya kulinganishia mionzi ya mashine za CT. Hospitali inayovizidi kila mara, iwe katika mtaa wa Al-Safa wa Riyadh au ule wa Jeddah, yapaswa kutafuta sababu.

Uchunguzi mmoja wa kifua ni takriban milisiveti 7, sawa na eksirei 70. Lakini mionzi ikipunguzwa nusu, chenga pichani huongezeka kwa takriban asilimia 40, na uvimbe mdogo huweza kumpita daktari. Afadhali mapafu yamejaa hewa, yasiyozuia mionzi: kutafuta vivimbe humo, milisiveti 1.5 hutosha, programu za kompyuta zikipunguza chenga. Mtoto, anayedhuriwa na mionzi kwa urahisi zaidi, huhitaji pungufu ya hapo.