Mashine Kubwa kwa Mashua ya Zamani

Ndugu msomaji, tuseme baba yako alikuachia mashua. Iliundwa Jibondo au Chole miaka mingi iliyopita. Iliundwa kwa ajili ya tanga. Imebeba nazi, imebeba mbuzi, imebeba wagonjwa na maharusi. Leo kule tezi imepachikwa mashine ndogo ya nguvu farasi 15. Watu wa pwani huiita "ya kumi na tano" tu.

Sasa mashine hiyo imechoka. Familia imekaa kitako kushauriana. Mpwa wako anasema: "Mjomba, safari hii tununue ya arobaini. Wenzetu wanatupita baharini kama sisi tumetia nanga." Fedha za nazi na pweza zipo kidogo. Nyingine mtakopa. Je, utamjibuje kijana huyu?

Usimjibu upesi. Simama kwanza asubuhi ufukweni Utende, utazame Ghuba ya Chole. Mbele yako ni kisiwa cha Chole. Nyuma yake ni Juani. Jibondo iko mbali zaidi, upande wa kusini. Huku hakuna daraja. Mashua ndiyo basi, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Kwa hiyo habari ya mashine si ya vijana wanaopenda mbio peke yao. Ni habari ya nyumba nzima.

Na mashine ina nguvu ya kubadili mambo mengi. Wakati wa Wajerumani makao ya serikali yalikuwa Chole. Mwaka 1913 yalihamishiwa Kilindoni, kwa sababu meli kubwa zilihitaji maji ya kina. Mji mzima ulipoteza kazi yake. Basi na mashua moja yaweza kubadilika.

MLIMA WA MAJI

Watu wengi hudhani kwamba mashine ikizidi mara mbili, mwendo nao utazidi mara mbili. Sivyo. Unaweza kuona sababu kwa macho yako.

Siku bahari ikiwa shwari, chungulia ubavuni mwa mashua. Mkienda polepole, utaona mawimbi madogo mengi, moja nyuma ya jingine, kutoka omo hadi tezi. Ongeza moto. Mawimbi yanakuwa machache na marefu. Ongeza tena. Sasa limebaki wimbi moja omo na jingine tezi, na mashua imelala katikati kama mtu kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Hapo ndipo mwisho wa mwendo wake. Ukizidisha moto, omo inanyanyuka na tezi inazama. Chombo kinajaribu kupanda mlima wa maji kilioujenga chenyewe.

Mwendo huo wa mwisho hutegemea urefu wa chombo pale kinapogusa maji. Mashua yenye urefu wa mita 7 majini haipiti sana kilomita 12 kwa saa. Ya mita 9 hufika kama kilomita 13 na nusu. Mashine ya kumi na tano iliyo nzima huweza kuifikisha mashua ya kiasi karibu na hapo.

Hivyo vyombo vinavyowapita ni vya aina nyingine. Ni boti za faiba, nyepesi, chini bapa. Zikipata nguvu huinuka na kuteleza juu ya maji. Mashua yenu ina mkuku mrefu na mbao nene. Haikuumbwa kuteleza. Imeumbwa kukata maji na kubeba mzigo, na kwa kazi hiyo inaishinda boti ya faiba.

Wenye magari wanaijua habari inayofanana na hii. Mtu mwenye Peugeot ya zamani, ile ndefu ya kubeba familia na mizigo, akitia injini kubwa lazima aangalie na breki, na springi, na giaboksi. Lakini yeye angalau atakimbia zaidi barabarani. Mashua nzito haikupi hata hilo.

CHUKUA DAFTARI

Tufanye hesabu. Mashine hizi za kuchanganya petroli na oili, ikiwa zimepigwa moto wote, hula namna hii. Ya kumi na tano hula karibu lita 7 kwa saa. Ya arobaini hula karibu lita 18.

Tuseme mashine yako inafanya kazi saa 2 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni saa 50.

Ya kumi na tano: 7 mara 50 ni lita 350.
Ya arobaini: 18 mara 50 ni lita 900.

Tofauti ni lita 550 kwa mwezi mmoja. Zidisha sasa kwa bei ya lita moja ya petroli, ile uliyolipa wewe mwenyewe mara ya mwisho. Usikisie. Andika. Kisha ongeza oili. Kama kitabu cha mashine kinasema lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, mashine ndogo itataka lita 7 za oili na kubwa itataka lita 18.

Mpwa atasema, "Lakini mjomba, hatutaiendesha kwa moto wote." Kweli, ukiiendesha polepole itakula kidogo. Lakini basi umekopa fedha kununua nguvu ambazo huzitumii.

Na zile dakika mnazozitafuta ni ngapi? Kutoka Utende hadi Chole ni kama kilomita moja. Mashua inayokwenda kilomita 10 kwa saa huvuka kwa dakika 6. Boti nyepesi inayokwenda kilomita 20 kwa saa huvuka kwa dakika 3. Abiria wa mashua yenu watatumia muda mrefu kuliko huo kukunja suruali na kutembea majini, hasa bahari ikiwa imekupwa.

TEZI NDIYO HUUMIA

Mpaka hapa tumezungumza fedha. Lakini fedha hurudi. Yanayofuata ni makubwa zaidi.

Mashine ya kumi na tano ina uzito unaokaribia kilo 40. Ya arobaini hupita kilo 70. Ni kama kumkalisha mtu mzima kwenye ukingo wa tezi, mchana kutwa, na hashuki. Tena mtu huyo anasukuma. Msukumo wote wa mashine hupita kwenye ubao mpana wa nyuma, kisha kwenye misumari, kisha kwenye mbao za ubavuni. Tanga halikufanya hivyo. Tanga huvuta kupitia mlingoti, na mlingoti umesimama katikati ya chombo, juu ya mkuku. Fundi aliyeiunda mashua ya baba yako aliweka nguvu pale zilipohitajika. Hakuweka kule tezi, kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Kwa hiyo dalili huanza kidogo kidogo. Kwanza maji ya kufua yanazidi. Asubuhi ulikuwa unafua kata 10, sasa ni 30. Kisha unaona kalafati inachungulia kwenye maungio karibu na tezi. Pamba inatoka. Misumari inalia kutu. Mkishika ubao wa nyuma na kuutikisa, unacheza. Ukiona hivyo, usipige misumari mipya kwenye matundu ya zamani ukadhani umemaliza. Pandisha mashua ufukweni wakati wa bamvua, umwite fundi.

Fundi mzuri hataanza na ubao. Atatafuta vipande vya mti vilivyopinda vyenyewe, kama kiwiko cha mkono. Atavifunga kwa boliti, upande mmoja kwenye ubao wa nyuma na upande wa pili kwenye mbavu za mashua. Hivyo msukumo unagawanywa hadi katikati ya chombo. Kazi hiyo ina gharama, na wengi huisahau wanapohesabu bei ya mashine.

Jambo jingine ni mguu wa mashine. Dukani kuna mguu mfupi na mguu mrefu. Tofauti yake ni kama sentimita 13. Mtu hununua mguu mfupi, labda kwa sababu umepatikana rahisi. Akifika nyumbani anaona panga la mashine halifiki vizuri majini. Anafanya nini? Anachukua msumeno na kukata ubao wa nyuma uteremke. Ndugu msomaji, hapo umefungua mlango wa bahari. Tezi tayari imeshuka kwa uzito, na sasa ukingo wake umeshushwa tena. Siku upepo wa kusi ukivuma mnarudi na mawimbi nyuma yenu, wimbi moja litaingia kwa mlango huo. Likiingia moja, chombo kinakuwa kizito, na la pili linaingia kwa urahisi zaidi. Pima kwanza urefu wa ubao wa nyuma kwa futi. Nenda dukani na kipimo hicho mkononi.

HAPANA DAWA NYINGINE?

Ipo. Na ni rahisi kuliko ya arobaini.

Tazama chini ya mashua. Majani na makombe yaliyoshika kwenye mbao hupunguza mwendo kuliko watu wanavyofikiri. Wazee walipandisha chombo, wakakichoma chini kwa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Chombo safi huenda mbali zaidi kwa petroli ile ile.

Kisha tazama panga la mashine, ambalo wengine huliita propela. Mashine nyingi huuzwa na panga la boti nyepesi. Kwa mashua nzito panga hilo ni kama gari lililojaa magunia linalopanda mlima kwa gia ya nne. Mashine inalia, haipati pumzi, inachemka. Uliza panga ambalo mabawa yake yamelala zaidi, linalofaa mzigo. Hiyo ndiyo gia ya kwanza ya mashua. Kijana wenu akilijaribu anaweza kushangaa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mashua nyingi za ghuba hii zinahitaji ya kumi na tano mpya, si ya arobaini. Ziko familia zenye sababu. Kama kazi yenu ni kupeleka samaki wa barafu bara, hadi Nyamisati, na saa moja ya kuchelewa ni samaki walioharibika, mashine kubwa ina maana. Lakini hapo agizeni chombo kipya kilichoundwa kwa mashine tangu mkuku. Mashua ya baba iacheni na kazi yake. Na mkibadili mashine ya chombo cha abiria, kwa vyovyote, kikaguliwe tena kabla ya kupakia watu. Kazi ya kukagua vyombo na kutoa vyeti inafanywa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza mwaka 2018.

TANGA LIBAKI

Nimeacha jambo moja makusudi, kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Wenye mashine kubwa hupenda kuacha mlingoti na tanga nyumbani. Wanasema vinachukua nafasi.

Wewe unaujua mlango wa Kinasi. Wakati wa bamvua maji ya ghuba hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mengi hupita pale. Yakitoka, yanatoka kwa nguvu, yakielekea bahari kuu. Mashine ikizimika hapo, iwe ya kumi na tano au ya arobaini, nguvu farasi zake zote ni sifuri. Mna dakika chache za kufanya jambo. Mwenye tanga analitweka. Asiye na tanga anatia nanga, kama anayo, na kama kamba yake inafika chini.

Kamba ya nanga iwe na urefu wa mara 5 ya kina cha maji. Mahali penye mita 10, inatakiwa mita 50. Ipime kwa mikono ufukweni kabla ya kutoka, kila pima moja ni kama mita moja na robo tatu. Ifunge chomboni upande wa omo, na uiweke juu ya magunia, si chini yake.