Fuwele Chini ya Chupa

Koroga sabuni ya mche katika maji ya uvuguvugu, kisha uyakamulie ndimu. Maji yaliyokuwa yakipitisha nuru yatageuka meupe kama tui, na mabonge ya mafuta yataelea juu. Hukuongeza mafuta, uliongeza asidi tu, na sabuni ikarejea kuwa mafuta yasiyoyeyuka majini.

Mkasa wa namna hii ulimfika wifi yangu, fundi wa losheni hapa Mombasa. Alikuwa ameagizwa na bi harusi mmoja maji ya chunusi yenye asidi ya salisiliki. Alitaka asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita. Unga ulikataa kuyeyuka, akatia baikaboneti ya sodiamu, ile itiwayo katika maandazi. Povu likafoka na maji yakatakata. Alipoona pH imepanda mno, akaishusha hadi 3.5 kwa asidi ya sitriki. Maji yalikuwa ya moto bado, hayakuonyesha kitu. Akajaza chupa, akalala.

Alfajiri akanipigia simu. "Wifi, chini kumeota kama sindano nyeupe. Nitikise tu, nimpe mwenyewe?"

Nilimwambia asithubutu. Juu ya chupa hiyo dawa ni hafifu, na chini imelundikana. Fuwele ikikaa pahali pamoja usoni huchoma, na uso huo ulikuwa umebakiwa na siku tisa kabla ya arusi.

Kilichotokea chahesabika. Katika nyuzijoto 20, lita ya maji hubeba takriban gramu 2 tu za asidi ya salisiliki. Ikikutana na baikaboneti, sehemu yake hugeuka chumvi, nayo chumvi huyeyuka kwa wepesi. Katika pH 3, karibu nusu ni asidi na nusu ni chumvi, hivyo lita hubeba kiasi cha gramu 4. Katika pH 3.5 hubeba karibu 9. Katika pH 4, yapata 22. Wifi yangu aliweka 20 mahali pa 9. Joto lilimfichia kosa, na ubaridi wa usiku ukalifichua.

Mwaweza kuuliza, kwa nini basi asiiache pH ikae 6, ambapo kila kitu huyeyuka? Kwa sababu kinachopenya ngozini na kufungua vinyweleo ni ile asidi yenyewe. Chumvi yake haipenyi vyema. Katika pH 6 asidi iliyobaki haifiki hata moja katika mia. Chupa itang'aa kama kioo, na chunusi zitabaki palepale. Mimi huwaonea huruma wanunuzi wanaopima dawa kwa macho.

Wapo wanaoiyeyusha kwa spiriti, ambayo huikausha ngozi, na wengi wetu hatuitaki majumbani. Propilini glaikoli huyeyusha pia: asidi hutangulia humo, kisha maji humiminwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Ila ukizidisha maji bila kuitazama pH, fuwele zitarudi. Na atumiaye baikaboneti asifunge chupa kabla povu halijatulia kabisa. Gesi yake hupasua chupa.

Ushauri wangu ulikuwa apunguze tamaa. Asilimia 0.5 ni gramu 5 kwa lita, nazo huenea bila taabu katika pH 3.5. Huko Marekani, dawa za chunusi za asidi hii ziuzwazo bila cheti cha daktari huanzia kiwango hichohicho, na hazivuki 2.

Alimwaga chupa zote kumi na mbili. Alipotengeneza upya, aliiacha moja ndani ya friji usiku kucha, akaitazama asubuhi dhidi ya mwanga wa dirisha: safi. Akamuuliza bi harusi kama aspirini humdhuru, kwani ni jamaa ya asidi hii, akampaka tone moja ndani ya kiwiko, wakangoja siku nzima. Arusi ilikuwa imebakiza siku sita.