Anga za Juu Bado Hazijategwa

Kazi yangu hapa Mbesa, kusini mwa Tunduru mjini, ni kufunga madishi. La Azam nalielekeza magharibi, likivuta kaskazini kidogo. La DStv linalala zaidi, kwa sababu setilaiti yake iko karibu na utosi wetu. Dishi likisogea upana wa kucha mbili tatu, kioo kinabaki cheusi na mwenye nyumba anaanza kunung'unika. Setilaiti hizo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazunguka kwa mwendo uleule wa dunia inavyojizungusha, ndiyo maana dishi nililofunga leo mwakani litakuwa bado linatazama palepale.

Bibi mmoja niliyemfungia king'amuzi aliniuliza, "Fundi, hicho kidude cha huko juu ni cha nani? Na nani anakilinda?" La kwanza nilimjibu papo hapo: ni cha kampuni ya Ulaya. La pili limenisomesha mengi, na jibu lake halinipi raha. Hakuna mlinzi. Kinachokilinda ni makubaliano ya mataifa kwamba hakuna atakayekigusa, na makubaliano yenyewe yana matundu.

Wengi wakisikia setilaiti wanafikiria mpira na tamthilia. Lakini minara mingi ya simu inachukua saa yake kutoka setilaiti za GPS. Minara ikikosa saa moja ya pamoja, mawasiliano yanaanza kuyumba, na kwetu simu ndiyo benki: fedha za korosho, ada ya mtoto, nauli ya mgonjwa wa hospitali ya misheni, vyote vinapita humo. Na hali ya hewa je? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa bado baharini, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatangaza kila siku kimefika wapi, kwa msaada wa picha za setilaiti. Kilipiga pwani tarehe 4, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga, lakini watu walikuwa wameshaonywa. Siku nane baadaye nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na nchi nzima ikaonja maana ya kukatiwa mawasiliano. Hiyo ilikuwa ajali. Mimi naogopa siku ambayo mtu atayakata kwa makusudi, tena kule ambako hakuna meli ya kwenda kuunganisha.

Uwezo wa kufanya hivyo upo. Januari 2007 China ilirusha kombora likapasua setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, zaidi ya kilomita 800 juu. Vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kuonekana na rada vikatawanyika, na vingi vitazunguka kwa miongo. Marekani ilipasua ya kwake mwaka 2008, India mwaka 2019. Novemba 2021 Urusi ikalipua Kosmos 1408, vikatoka vipande zaidi ya 1,500, na watu waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wakiwemo, ikabidi wajifiche ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Kila nchi ililenga mali yake, hakuna aliyempiga mwenzake. Lakini kipande cha sentimeta moja kinachokwenda zaidi ya kilomita saba kwa sekunde hakiulizi setilaiti iliyo mbele yake ni ya nani.

Sisi wa mpakani tunazijua silaha za namna hiyo. Ng'ambo ya Ruvuma, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, ardhi ilitegwa mabomu, na vita vilivyofuata viliongeza mengine. Mreno aliondoka mwaka 1975, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaisha 1992, mabomu yakabaki yakingoja mguu wa yeyote: mkulima, mtoto, mbuzi. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015. Mkataba wa kuyapiga marufuku uliandikwa 1997, watu walipokuwa wameshakatwa miguu kwa maelfu. Vipande vya setilaiti ndivyo vilivyo, isipokuwa huko juu hakuna wa kwenda kutegua. Ndiyo maana nasema sheria ya kukataza kulipua setilaiti lazima itangulie, isingoje majeruhi.

Sheria iliyopo ni Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967. Una mambo mazuri mno. Unasema anga za juu zitumike kwa manufaa ya nchi zote, iwe nchi tajiri au maskini. Unakataza kuweka bomu la nyuklia au silaha nyingine ya maangamizi kwenye mzingo wa dunia, na unakataza kambi za kijeshi mwezini. Walioandika walikuwa na sababu. Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Pasifiki. Taa za barabarani zikazimika Hawaii, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na mionzi ikaharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Ariel 1, ya kwanza ya Uingereza, rafiki yake Marekani. Tundu la mkataba ni hili: haukatazi silaha za kawaida kuwekwa kwenye mzingo, wala kombora linalorushwa kutoka ardhini kwenda kupasua setilaiti. Katika majaribio yote manne niliyoyataja, hakuna lililovunja marufuku yake ya silaha.

Kwa nini tundu halizibwi? Jibu moja liko hapa kwetu, Tunguu, Zanzibar. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa wanaanga wa Marekani. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, kituo cha Zanzibar kilizungumza naye akipita juu ya Afrika Mashariki. Wazanzibari wengi hawakukipenda. Waliandamana wakisema ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, serikali ya Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe, na kazi ikahamia Madagaska.

Kituo kile hakikuwa na kombora. Kilikuwa na antena na wasikilizaji. Hata hivyo siwezi kuwacheka wale walioandamana, maana roketi iliyombeba Glenn, Atlas, ilibuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia hadi bara jingine. Antena inayomsikiliza mwanaanga inaweza kumsikiliza adui. Setilaiti inayojongea karibu na nyingine ili kuitengeneza inaweza kuisukuma itoke njiani. Mimi fundi naliona hili kila siku: waya ni uleule, kinachobadilika ni nia ya aliyeushika. Hapo ndipo mazungumzo ya Geneva kuhusu silaha za anga za juu yamekwama kwa miongo, kila mkubwa akidai silaha ni kile alicho nacho mwenzake.

Na bado pwani yetu imeshaonyesha njia nyingine. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya Marekani ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei, na orodha ya mamia ya vyanzo iliyoiandika ilinufaisha kila mwanasayansi. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023, na ya Uganda, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022. Tumeingia na sisi. Hata madhara tumeanza kuyapata: Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya roketi, upana wa mita mbili na nusu, uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Kwa bahati nzuri haikumpiga mtu.

Desemba 2022 nchi 155 kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ziliunga mkono wito wa kuacha majaribio ya kupasua setilaiti kwa kombora. Tisa zilikataa, Urusi na China zikiwemo, na wito haumfungi mtu. Aprili 2024, Marekani ikiituhumu Urusi kwamba inatengeneza silaha ya nyuklia ya kushambulia setilaiti, jambo ambalo Urusi inalikanusha, Marekani na Japani zilipeleka azimio Baraza la Usalama kukumbusha marufuku ya 1967. Wajumbe 13 walikubali, China haikuwa na upande, Urusi ikapiga kura ya turufu. Mwezi uliofuata Urusi ikaleta lake la kukataza silaha za kila aina huko juu. Kura zikagawanyika saba kwa saba, likaanguka. Nikisoma hayo naumia. Azimio la kwanza lilikuwa sahihi. La pili nalo, kwa maneno yake, liliomba jambo ambalo nchi kama yetu inalihitaji. Yote mawili yamekufa kwa sababu ya aliyeyaleta.

Mkoa wetu unahusika kuliko tunavyodhani. Urani iko Namtumbo, barabara ileile ya kwenda Songea, na imekusudiwa kwa ajili ya umeme. Nchi yenye madini hayo ina haki ya kusema kwa sauti kwamba haitaki kusikia neno nyuklia likitajwa pamoja na mzingo wa dunia.

Umoja wa Mataifa sasa una kikundi kazi cha kuzuia mashindano ya silaha katika anga za juu, kilichopangiwa kukutana hadi mwaka 2028, na milango yake iko wazi kwa nchi zote. Nataka mjumbe wa Tanzania aende na ripoti ya kimbunga Hidaya mkononi, awaeleze wakubwa minara ya Tunduru inachukua saa yake wapi, kisha aulize, kwa niaba ya nchi zisizo na kombora hata moja la aina hiyo, ni mwaka gani kulipua setilaiti kutakuwa kosa kisheria kwa kila nchi.