Nani Anashika Mapigo?

Wanaoandika kuhusu kuchanganya jazi na muziki wa klasiki hupenda kuzungumzia melodia na akodi, kana kwamba ugumu uko huko. Akodi za Debussy na Ravel zilishapokewa na wapigaji wa jazi zamani bila ugomvi. Kinachogomba ni mapigo. Katika swingi, pigo moja hugawanyika vipande viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu, cha pili kifupi, na tofauti yenyewe hubadilika kwa mwendo: wimbo ukienda kasi sana, vipande hivyo hukaribia kuwa sawa. Alama za noti haziwezi kulionyesha jambo hilo kikamilifu. Mpiga jazi hulipata kwa kusikiliza besi na toazi la mpiga dramu. Mpiga fidla, aliyeketi mbali na wenzake wa tarumbeta, hufuata kijiti cha kondakta.

Ndiyo maana Swing Symphony ya mwanajazi Wynton Marsalis, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 2010 na okestra ya Berlin Philharmonic chini ya Simon Rattle, naiona kazi yenye busara. Marsalis hakuwataka wapiga fidla wajifanye watu wa jazi. Alileta bendi yake kamili ya watu 15, akaipa jukumu la kushika mapigo, huku simfoni ikipita katika zama za jazi, tangu ragtime hadi bebop na midundo ya Kikuba. Wapo wanaodai kwamba huo si mchanganyiko, ni bendi mbili zinazopokezana jukwaani. Hoja hiyo ina uzito. Mahali pengine nyuzi hubaki kupamba tu. Lakini kundi dogo kujibizana na kundi kubwa ni desturi ya klasiki yenyewe, tangu Corelli na Handel. Na anayelalamika kwamba muziki unaobuniwa papo hapo hauna nafasi katika simfoni amkumbuke Gershwin: Rhapsody in Blue ilipozinduliwa New York, Februari 1924, sehemu ya piano haikuwa imeandikwa yote, na kondakta Paul Whiteman ilibidi angoje ishara ya kichwa kutoka kwa Gershwin kwenye piano. Walioshindwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wale waliotaka kuandika kila kitu. Mwenye shaka aitafute rekodi ya okestra ya St. Louis na bendi hiyo ya Marsalis, iliyotoka 2019, na kwanza alifuate toazi, fidla baadaye.